Ile C ya Mwaka wa Pili

Fomu ya kuomba kusomea udaktari Marekani haitaki uambatanishe cheti na uende zako. Inataka ukae chini uandike kila kozi uliyowahi kusoma chuoni, moja baada ya nyingine: jina lake, muhula, mwaka, krediti zake, gredi yake. Hata ile uliyoirudia. Hata ile ya kucheza dansi uliyoichukua kwa sababu ratiba ilikuwa na pengo. Halafu mfumo unaoitwa AMCAS, ambao unaendeshwa na AAMC, muungano wa vyuo vya tiba vya huko, unachukua transkripti yako rasmi, unailinganisha na ulichoandika mstari kwa mstari, kisha unakupigia hesabu. Mwisho wa hesabu unabaki na jedwali dogo. Kuna mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kuna mstari wa kozi za ngazi ya digrii ya kwanza ulizosoma baada ya kuhitimu. Hayo yote yanajumlishwa kupata wastani mmoja. Halafu, peke yake kama mgeni aliyekuja harusini bila kadi, kuna mstari wa masomo ya uzamili. Huo haujumlishwi na kitu.

Mimi sina mpango wa kuwa daktari. Damu ikimwagika mimi hutafuta kiti. Lakini binamu yangu, ambaye yuko Minnesota tangu 2012, ana mpango huo, na kwa miaka miwili sasa jedwali hilo limekuwa likiingia kwenye simu yangu pamoja na maswali. "Wewe si unapenda mambo ya kufikiria fikiria," aliniambia siku moja. "Hebu niambie, huyu wanayemhukumu ni mimi ama ni nani?"

Mambo yenyewe yako hivi. Digrii yake ya kwanza, ya biolojia, aliimaliza na GPA ya 2.9 kwenye kipimo cha 4.0. Akafanya kazi miaka kadhaa, akarudi darasani kusoma uzamili wa fiziolojia, akatoka na 3.9. Msimamishe mtu yeyote pale stage ya matatu umuulize ni namba gani inamweleza binamu yangu wa leo, atakwambia ni ya juzi, kwani kuna swali hapo? Vyuo vya tiba, kila kimoja na utaratibu wake, vitasema vinaangalia zote mbili. Lakini vingi huanza kuchuja kwa ile ya zamani, na ukishachujwa hakuna wa kuiangalia ile nyingine.

Kinachouma ni hiki: kama angerudi kusoma kozi za ngazi ya chini, zile za wanafunzi wa miaka ishirini, gredi zake zingeingia kwenye wastani mkuu. Alipanda juu, akasoma kitu kigumu zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo gredi zake zikawekwa chumba cha pembeni.

Si ati hata chumba kile kikubwa kingemsaidia sana. Wastani ni mnyama mzito. Tulipiga hesabu usiku mmoja kwa WhatsApp, yeye akiwa kwa basi, mimi nikiwa kitandani. Krediti 120 kwa 2.9. Akiongeza krediti 30 na apate A kila mahali, anafika 3.12. Ili afike 3.5 anahitaji krediti 144 za A tupu, yaani digrii nzima nyingine na zaidi, bila kuteleza hata mara moja. Na wanaoingia siku hizi wana wastani wa zaidi ya 3.7. Alinyamaza kidogo kisha akaandika, "Kumbe nilishazeeka nikiwa na miaka ishirini."

Ni rahisi kukasirika, na mimi nilikasirika. Lakini vyuo vina hoja, na si hoja mbaya. Kwenye masomo ya uzamili Marekani, kwa kawaida B ndiyo sakafu. Wastani wako ukishuka chini ya 3.0 unapewa onyo, na usipojirekebisha unaonyeshwa mlango. Kwa hivyo walimu hutoa A na B, na C ni njia ya upole ya kumwambia mtu atafute kazi nyingine. Mizani inayosoma kilo tisini kwa kila gunia si mizani, ni adabu tu. Ongeza kwamba uzamili wa mtu mmoja ni mwaka mzima kwenye maabara na wa mwingine ni sera za afya, na huwezi kuziweka pamoja ukasema umelinganisha. Digrii ya kwanza angalau ina kozi ambazo karibu kila mwombaji amepitia: biolojia, kemia, fizikia, hisabati. AMCAS hata huzipigia wastani wake peke yake. Ukiwa na waombaji zaidi ya 50,000 kwa mwaka na viti takriban 23,000, unashika kile kinachoshikika.

Hapo nawaelewa. Hata hivyo, ni vizuri kukumbuka kwamba hiyo digrii ya kwanza kuwa lango si sheria ya maumbile. Kwetu unatoka kidato cha nne unaingia MBChB moja kwa moja, miaka sita, na hakuna anayekuuliza ulisoma nini kabla. Marekani nako, mwisho wa karne ya 19, kulikuwa na vyuo vya tiba ambavyo ulihitaji tu kuwa na ada mfukoni. Johns Hopkins walipoanza kufundisha udaktari mwaka 1893 wakataka digrii kwanza, na mwaka 1910 ripoti ya Abraham Flexner ikasukuma vyuo vingine vifuate njia hiyo. Matapeli wengi walifungiwa, na afya za watu zikafaidika. Lakini vyuo vya tiba vya Wamarekani weusi wakati huo vilikuwa saba, na baada ya wimbi lile vikabaki viwili tu, Howard na Meharry. Kigezo cha ubora kilichagua pia ni nani atakayeweza kukimudu. Hilo ni la kuweka kiporo kwanza.

Nadhani mvurugano unaanzia mahali pengine. Gredi inaulizwa maswali mawili tofauti na hakuna anayesema ni lipi limeulizwa. Moja ni la utabiri: tukimweka huyu darasani, atafaulu? Lingine ni la haki: kati ya hawa wote, nani anastahili kiti? Kama unauliza la kwanza, basi cha juzi ndicho kina uzito, kwa sababu anayekuja kukaa darasani ni mtu wa leo, na yule wa miaka kumi na tisa hatakuja hata mkimtumia nauli. Kama unauliza la pili, basi ile C ya zamani ina haki ya kuzungumza, maana muhula ule ule kulikuwa na mwenzake aliyepata A. Vyuo vikiulizwa hujibu kwa lugha ya utabiri. Lakini wasikilize watu wakibishana kuhusu nani aliingia na nani aliachwa, wanafunzi, wazazi, hata madaktari wenyewe. Wanaongea lugha ya haki. "Mimi nilisota miaka yote minne." Hiyo si takwimu.

Sasa niseme wazi kwamba mimi si shahidi huru. Ile C ya mwaka wa pili, ya kemia ogani, naijua. Ilikuwa 2014. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, na nyumbani mambo yalikuwa yamekauka. Binamu yangu alikuwa akifanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, akibadilisha nepi za watu wazima na kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Saa tatu asubuhi alikuwa na kemia. Pesa zilikuja kwa mama, mama akaenda benki na ile slipu ya shule, na mimi nikabaki darasani. Sikujua lolote kuhusu C. Nimeijua mwaka jana tu, aliponitumia transkripti nimsaidie kuingiza zile kozi kwenye fomu, kwa sababu mimi nachapa haraka. Nikaona muhula. Nikaona mwaka. Nikahesabu kwa vidole. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu, tukaendelea na mstari uliofuata.

Kwenye fomu, mstari huo unasema kwamba mtu fulani hakuelewa vizuri jinsi kaboni inavyoshikana na wenzake. Na ni kweli, hakuelewa. Alikuwa anasinzia. Sitaki kudai kwamba ile C ni uongo. Ila ni C na ni risiti kwa wakati mmoja, na fomu ina safu ya gredi tu.

Utasema: si aeleze? Kuna insha ya kujieleza, herufi 5,300 ukihesabu na nafasi zilizo katikati ya maneno, na mle ndani kila mtu anamwaga moyo wake. Nilimwambia hivyo hivyo. Akakataa. Nilifikiri ni kiburi, halafu akanieleza kwa sauti ile ya dada mkubwa ambayo haitaki mjadala: "Nikiandika kwamba nilianguka kwa sababu ya karo ya mtoto wa mjomba, nitakuwa nimekudai. Nilikupa. Sikukukopesha."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko hoja nyingine yoyote katika jambo hili. Sisi tunaotoka familia za kusaidiana tunajua kwamba kuna aina ya msaada ambao ukishautaja kwa faida yako unabadilika jina. Unakuwa uwekezaji. Mfumo unaosema "tutakusamehe gredi yako ukitueleza vizuri mateso yako" unamtaka mtu achukue kitu alichokitoa bure akakiuze kwa bei ya kiti. Wengine wana moyo wa kufanya hivyo na siwalaumu, kwani kiti ni kiti. Lakini ona nani anabaki nje: yule mwenye heshima ya kunyamaza. Na nani anaingia? Mara nyingine ni yule ambaye dhiki yake ilikuwa ndogo lakini Kiingereza chake cha dhiki ni kizuri.

Nilidhani nimeshinda mjadala. Ni yeye huyo huyo aliyeniangusha. Akanikumbusha mama mmoja waliyefanya naye kazi kwenye nyumba ile ya wazee, shifti zile zile, watoto wawili, mume hayuko. Alimaliza na 3.8. "Ukinisamehe mimi," binamu akasema, "yeye umempa nini?"

Huyo ndiye mtu mgumu katika swali hili, kumliko binamu yangu, kumliko hata yule kijana wa tajiri aliyelipiwa kila kitu. Kanisani tunahubiriwa mwana mpotevu karibu kila mwaka, na huwa hatukai sana na yule kaka aliyebaki nyumbani akilima. Tunamwona mwenye wivu, basi. Lakini kaka yule alikuwa na swali halali, na mfano ule unaponea mahali pamoja: nyumba ya baba ina nafasi ya wote wawili. Chuo cha tiba hakina. Ukimpokea mmoja kwa shangwe, mwingine atabaki kwenye kibaraza. Kwa hivyo kila tunaposema "mtu hubadilika, mpeni nafasi", kuna mtu ambaye hakuhitaji kubadilika, na tunamwambia kwamba uthabiti wake hauna hadithi ya kuvutia.

Binafsi siamini tuzo ya uthabiti inapaswa kufutwa. Ninachopinga ni ule wastani, ambao unaona miaka kumi ya mtu kama uji uliokorogwa. Wastani haujui kwamba C ilitangulia na A ikafuata. Mtu aliyeanza na A akaporomoka hadi C atapata namba ile ile kabisa. Unataka yupi akutibu? Kazi yenyewe ni ya kujifunza kwa miaka arobaini, dawa zinabadilika, miongozo inabadilika, na mnachotumia kumpima mtu hakitambui mwelekeo.

Watu wamejaribu njia nyingine. Texas kuna sheria inayomruhusu mkazi wa jimbo, anapoomba nafasi kwenye vyuo vya umma, kutaka masomo yake ya miaka 10 au zaidi iliyopita yasihesabiwe. Inaitwa mwanzo mpya. Lakini ni yote au hakuna: huwezi kuomba C isahaulike na A ikumbukwe, na krediti zenyewe zinapotea pamoja na aibu yake. Napenda ukali huo, ijapokuwa nashangaa kwa nini ni miaka kumi na si saba. Shule za osteopathi, zinazotoa shahada ya DO na ambazo wahitimu wake ni madaktari kamili huko, zilikuwa na utaratibu wa kuifuta gredi ya zamani ukiirudia kozi. Mwaka 2017 wakauacha, na tangu hapo kila jaribio linahesabika. Fikiria umerudia kozi mbili mwaka wa 2016 ukitegemea kanuni hiyo.

Na hata hizo gredi zenyewe, tunaziamini kupita kiasi. Mwaka 1979 wabunge wa Texas walikiagiza chuo cha tiba cha University of Texas kule Houston kiongeze wanafunzi 50 wakati darasa la watu 150 lilikuwa limeshajaa. Ikabidi warudi kwa wale waliokuwa wamehojiwa na kuachwa, wengine wakiwa karibu na mkia wa orodha. Watafiti wakawafuatilia, na mwaka 1987 matokeo yakachapishwa kwenye jarida la JAMA: hadi mwisho wa masomo, na hata mwaka wa kwanza wa mafunzo hospitalini, hakukuwa na tofauti ya maana kati yao na waliochaguliwa kwanza. Kusema haki, orodha ile ilitegemea sana maoni ya waliowahoji, si gredi peke yake. Bado, kuna kamati iliyokaa siku nyingi ikitenganisha watu ambao hawakuwa na tofauti.

Sisi Wakenya tusicheke. Mimi nilifanya KCSE mwaka 2016. Mwaka mmoja kabla yetu, waliopata A walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka wetu walikuwa 141. Hakuna anayeamini kwamba watoto wa nchi nzima walipumbaa ndani ya miezi kumi na miwili. Usimamizi ulibadilika, usahihishaji ukabadilika, wizi ukabanwa. Lakini gredi yangu na ya mtu wa 2015 zinaandikwa kwa herufi zile zile, na ofisi nyingi nilizopeleka cheti hazijawahi kuangalia mwaka.

Waholanzi walifanya jambo ambalo kwangu ni la ukweli zaidi. Kuanzia 1972 walichagua wanafunzi wa udaktari kwa kura. Si kura ya upofu kabisa. Ukiwa na alama nzuri ulikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutoka. Miaka ya 1990 msichana mmoja mwenye wastani wa 9.6 kati ya 10 akakosa kwenye kura zaidi ya mara moja, nchi ikachemka, wakalegeza kwa wenye alama za juu sana. Mwaka 2017 wakaiondoa, na sasa sheria inaruhusu tena vyuo vinavyoitaka. Kilichonivutia ni ule ukiri ulio ndani yake: kuanzia kiwango fulani, hatujui nani ni bora, na hatutajifanya tunajua.

Kwa hivyo nikampelekea binamu pendekezo langu. Gredi za digrii ya kwanza ziwe mlango: ukivuka mstari fulani, wa chini kuliko wa sasa, zinyamaze kabisa. Masomo ya baadaye na mtihani wa MCAT vionyeshe kama unaweza kubeba mzigo leo. Waliobaki, pigeni kura hadharani. Yule mama wa 3.8 atakuwa ndani ya kapu, na wewe utakuwa ndani ya kapu, na hakuna atakayelazimika kuandika kuhusu karo yangu.

Alinipigia simu badala ya kuandika, jambo ambalo hufanya akikasirika. "Miaka kumi na tatu nageuza wazee usiku, halafu mniokote kwenye kapu? Wanikatae kwa sababu yangu mimi. Kura sitaki."

Nikamwambia basi anataka kuhukumiwa. Akasema ndiyo, lakini ahukumiwe mwenyewe.

Kuanzia Januari anasoma biokemia, ngazi ya digrii ya kwanza, krediti nne, darasa la jioni. Ameshalipa. Akipata A, wastani wake utatoka 2.90 ufike 2.94.